Pailoti Ikikataa Kushika

(Mazungumzo mbele ya mafundi na wanagenzi wa majiko ya gesi, Mombasa)

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana na mabinti, karibuni sana. Waliosimama mlangoni kupunga upepo wasogee ndani, maana upepo huo leo nitausema vibaya.

Nimeombwa nizungumze juu ya matengenezo ya majiko ya gesi. Tukiifuata mada yote tutalala hapa. Nitashika kipande kimoja: ule moto mdogo wa pailoti, na namna jiko linavyowashwa. Hicho ndicho kinachotuletea simu za alfajiri. Mwenye bekari ameshaumua unga wa boflo, oveni haiwaki, na watu wa chai wako njiani. Tena ndicho kipande ambacho mafundi wengi wa mji huu tunakitengeneza kwa kubahatisha. Inabadilishwa themokapo, yaani kile kijiti kinachohisi joto la pailoti, ikishindikana inabadilishwa vali, yaani mlango wa gesi, ikishindikana tena mwenye jiko anaambiwa, "Mzee, hili limechoka, tafuta jingine."

Msimamo wangu ni huu: pailoti inayozima usiiite mbovu mpaka uthibitishe. Mara nyingi imefanya kazi iliyowekewa. Imeona jambo halijakaa sawa, ikafunga gesi. Sasa sisi tunatakiwa tujue imeona nini.

Themokapo ni metali mbili tofauti zilizounganishwa nchani. Mwaka 1821 mwanafizikia Thomas Johann Seebeck aliona kwamba metali mbili za namna hiyo zikiunganishwa, na kiungo kimoja kikapashwa moto kuliko kingine, sindano ya dira iliyo karibu inageuka. Yeye alidhani ni mambo ya sumaku peke yake. Wenzake wakaja kutambua kuwa ni umeme unaopita. Umeme huo ni mdogo mno. Themokapo nzima ya jiko, ikiwa ndani ya moto mzuri, hutoa milivolti 25 hadi 30 hivi. Betri ndogo ya rimoti ya televisheni ina milivolti 1,500. Kwa hiyo mnapoiona themokapo, kumbukeni mna akiba ya umeme mchache sana, na kila uchafu unaokaa njiani unaula.

Milivolti hizo zinakwenda kwenye koili, waya uliozungushwa, iliyo ndani ya vali, koili inakuwa sumaku, na sumaku inashikilia kifuniko cha gesi kisirudi. Nasema inashikilia, kukivuta haiwezi. Ni kama bawabu mzee: mlango ukifunguliwa na mwingine atauzuia usijifunge, lakini kuusukuma mwenyewe nguvu hana. Ndiyo maana unabonyeza nobu na kusubiri sekunde 20 au 30. Kidole chako ndicho kinachofungua, themokapo inapata moto, kisha sumaku inapokea. Anayebonyeza sekunde tano na kuachia, halafu akasema pailoti haishiki, huyo hajalipa jiko nafasi.

Na moto ukizima, themokapo inapoa, sumaku inaachia, unasikia "ta!" ndani ya vali. Sauti hiyo izoeeni, ni kipimo cha bure. Washa pailoti, iache dakika tatu au nne ishike joto, kichomeo kikubwa kikiwa kimefungwa. Kisha izime, utege sikio na kuangalia saa. Ikilia baada ya nusu dakika hivi, au hata karibu na dakika, themokapo ina nguvu na sumaku ni nzima. Ikilia baada ya sekunde chache tu, umeme ni hafifu. Ikiwa hailii kabisa na gesi inaendelea kutoka, funga mtungi. Vali hiyo haina majadiliano.

Kabla ya spana, tumieni macho. Moto wa pailoti unatakiwa uwe wa buluu, umetulia, na umeikumbatia ncha ya themokapo kiasi cha sentimita moja au zaidi kidogo. Ncha tu, si shingo yote. Ukiona moto wa manjano unaoyumbayumba, hewa haitoshi. Ukiona mdogo, umejikunja kwenye tundu, gesi haifiki. Ukiona unavuma na kuruka mbali na tundu lake, shinikizo limezidi au jeti, kile kipande chenye tundu la kutolea gesi, si yake. Katika hali zote hizo themokapo inaweza kuwa mpya kutoka dukani na bado pailoti ikazima, kwa sababu haikupata moto wa kuishi.

Uchafu ndio mwingi. Kwenye bekari ni vumbi la unga, kwenye vibanda vya viazi karai na bhajia ni mvuke wa mafuta unaoganda, na kwenye jiko lililokaa miezi bila kutumika ni buibui. Yule mdogo hupenda kusuka ndani ya mrija wa hewa. Tundu la jeti ya pailoti kwa gesi yetu ya mtungi ni kama robo ya milimita. Mkiona fundi anaingiza sindano au waya wa brashi humo, mzuieni mkono. Ataona moto umekuwa mkubwa, atafurahi, lakini ameshalipanua tundu. Kesho moto utakuwa wa manjano na masizi yatapanda kwenye ncha. Jeti inafunguliwa, inalowekwa kwenye spiriti, inapulizwa kwa hewa kutoka upande wa nyuma. Ikikataa, jeti mpya ni bei ya chini kuliko nauli ya kurudi.

Sasa chumvi. Hili vitabu vya watu wa bara havilisemi sana, lakini sisi tunaishi pwani. Jiko lililo Kizingo au Nyali, dirisha linatazama bahari, halizeeki kama jiko la Nairobi. Themokapo inapoingia kwenye vali, mwishoni ina kichwa kidogo cha mviringo kinachogusana na koili. Kifungueni kichwa hicho mkitazame kwenye mwanga. Mara nyingi mtakuta ukungu wa kijani au weusi mwembamba, mwembamba kiasi kwamba mtu anaweza kusema hakuna kitu. Umeme wa ukutani ungepita hapo bila kujua. Milivolti 25 hazipiti. Futeni kwa kitambaa kikavu cha pamba, pande zote mbili, hata ndani ya vali kwa kijiti chenye pamba. Msikwangue kwa kisu. Kisha mrudishe nati kwa vidole mpaka igote, na spana mmalizie robo mzunguko tu. Wengi wanaikaza kama nati ya gurudumu la tuktuk, kichwa kinabonyea, na hapo ndipo themokapo nzima inapokufa kweli.

Ukitaka kupima kwa mita, fungua themokapo kwenye vali, endelea kubonyeza nobu ili moto ubaki, weka waya mmoja wa mita kwenye mwili wa shaba na mwingine kwenye kile kichwa cha mwisho. Mita iwe kwenye milivolti za DC. Ukipata 25 kwenda juu, usiiguse, iko sawa. Ukipata 12, angalia tena moto kabla ya kuihukumu. Moto ukiwa mzuri na bado ni 12, basi badilisha bila kujiuliza.

Nina neno refu juu ya shinikizo la gesi, kwa sababu hapo ndipo pesa za wateja zinapotupwa. Bekari moja ilikuwa na ugonjwa wa saa tisa za usiku. Oveni zote zikiwaka pamoja, pailoti ya oveni ya mwisho inalegea, inarukaruka, inazima. Mchana fundi akija inawaka vizuri kabisa. Walishaibadilishia themokapo, wakaibadilishia na vali. Mimi niliomba niende saa hiyo hiyo ya usiku. Nikaweka kiganja kwenye mtungi: sehemu ya chini ilikuwa baridi kama soda ya friji, inatoka jasho mpaka sakafuni kuna kidimbwi. Jibu lilikuwa hapo.

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propeni (propane) na buteni (butane), na mtungini imekaa kama maji. Ili iwe hewa lazima ichemke, na ili ichemke inachukua joto kutoka kwenye chuma cha mtungi. Propeni huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, buteni karibu na sifuri. Ukivuta gesi nyingi kwa mpigo, mtungi mmoja haupati joto la kutosha kutoka kwenye hewa, hata kwenye joto letu la mwezi wa pili. Unapoa, shinikizo linashuka, na anayekufa njaa wa kwanza ni yule wa mwisho wa bomba. Tiba ilikuwa kuunganisha mitungi miwili ivutwe kwa pamoja. Vali waliyoitoa ilikuwa nzima. Iko kwenye meza yangu hapa, mtaiona.

Chombo cha kupima jambo hilo mtajitengenezea wenyewe. Nunueni mpira mwangavu wa mita moja na nusu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, muukunje mfano wa herufi U kwenye ubao, mtie maji nusu, na katikati mpigilie rula. Upande mmoja unauunganisha kwenye sehemu ya kupimia iliyo kwenye vali ya jiko, mwingine unauacha wazi. Tofauti ya maji kati ya pande mbili, kwa sentimita, ni karibu sawa na milibari, kipimo cha shinikizo. Regulata, yaani kifaa cha kupunguza shinikizo la mtungi, nyingi za nyumbani zimeandikwa milibari 28 au 30. Basi mtegemee maji yatofautiane sentimita 30 hivi. Someni mara mbili: pailoti peke yake ikiwaka, kisha vichomeo vyote vikiwa vimefunguliwa. Ikiwa mwanzo ni 30 na mwisho ni 17, jiko halina kosa. Kosa liko nyuma: mtungi umepoa, regulata ni ndogo, au kuna mpira mwembamba uliozungushwa ukuta mzima. Ila ubao huo msiuweke kamwe kati ya mtungi na regulata. Huko shinikizo ni la kutisha, maji yatakurukia usoni na gesi itafuata.

Upepo nao nilisema nitausengenya. Kusi likivuma, jiko lililo karibu na mlango wa nyuma huzima pailoti, na fundi akija wakati wa kaskazi, jiko limetulia, haoni kitu. Kwenye mahoteli ya Bamburi ugonjwa ni mwingine: feni kubwa ya moshi inavuta hewa ya jikoni, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, hewa ya kurudi haina pa kupita. Basi inaingia kwa nguvu chini ya mlango na kupiga miguu ya majiko. Zimeni feni, washeni pailoti, muone. Ikishika vizuri, mwambieni meneja afungue njia ya hewa.

Majiko ya kukaangia chipsi yana siri yao. Kwenye waya wa themokapo, kabla haujafika kwenye vali, wameingiza swichi ya kikomo inayosikiliza joto la mafuta. Mafuta yakizidi, swichi inakata ile milivolti, pailoti inakufa. Kuna zinazorudi zenyewe na kuna za kubonyeza kitufe. Kijana anayekwenda moja kwa moja kwenye themokapo atabadilisha mbili na jiko halitapona. Na akiigundua swichi akairuka kwa kipande cha waya, amewaachia watu sufuria la mafuta lisilo na mlinzi. Mafuta yakishika moto yenyewe, hapo hakuna themokapo itakayosaidia. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Kwenye gesi, methali hiyo tuiache nyumbani.

Niongeze palepale juu ya tabia ya kuifunga nobu kwa waya wa kufungia, au kuibana kwa kipande cha mti ili pailoti isizime. Nimeiona zaidi ya mahali pamoja mjini hapa, na aliyefanya alilipwa. Gesi yetu ni nzito kuliko hewa, propeni mara moja na nusu, buteni karibu mara mbili. Moto ukizima na nobu imefungwa wazi, gesi haipandi ikatoka dirishani. Inatambaa sakafuni, inaingia kwenye mfereji wa maji machafu, inakaa. Asilimia mbili tu ndani ya hewa inatosha kuwaka. Fundi anayefanya kazi hiyo mimi simwiti mwenzangu, hata kama tumekaa baraza moja.

Majiko ya mtumba kutoka ng'ambo, mengi yanakuja yamewekewa gesi asilia ya bomba, ambayo majumbani mwetu haipo. Kwa kila mita ya ujazo propeni ina nguvu kama mara mbili na nusu ya gesi asilia, kwa hiyo jeti zake huko ni pana. Ukiliunga jiko hilo kwenye mtungi bila kubadilisha jeti, unapata ndimi ndefu za manjano, masizi, na hewa yenye sumu isiyo na harufu. Zinabadilishwa jeti za vichomeo, jeti ya pailoti, na springi ya regulata iliyo ndani ya vali. Zote. Ukisahau ile ya pailoti, utarudi.

Tuje kwenye majiko yasiyo na pailoti ya kudumu. Yale ya kubonyeza kitufe yakatoa cheche bila betri yanatumia kristali. Ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, walionyesha mwaka 1880 kuwa kristali fulani zikibanwa hutoa umeme. Hapo makosa ni machache: kauri ya ncha imepasuka na cheche inarukia pembeni, au grisi imeiziba, au umbali wa kurukia si ule wa milimita 3 hadi 5. Tazameni gizani, cheche itajionyesha inakokwenda.

Oveni za umeme na gesi zenye bodi, kile kibao cha umeme kinachoongoza uwashaji, ndizo zinazotutoa jasho. Unasikia tatata, moto unawaka vizuri, sekunde chache unazima, inajaribu tena, mwisho inajifungia na taa nyekundu. Moto uliwaka, ila bodi haikuuona. Bodi inauona moto kwa kupitisha umeme ndani yake: moto una chembe zenye chaji, na kwa kuwa ile fimbo ya kuhisi ni nyembamba na kichomeo ni kipana, umeme unapita zaidi upande mmoja. Bodi inapata maikroampea chache za DC na kusema, naam, moto upo. Fimbo ikiwa na utando mweupe, futeni kwa pamba ya chuma laini. Athi, waya wa ardhini, ikiwa imelegea kwenye kichomeo, kazeni. Na soketi ikiwa laivu (waya wa kuleta umeme) na nyutro (waya wa kuurudisha) zimebadilishana, bodi nyingi zinapofuka kabisa, ingawa feni na taa vinafanya kazi kama kawaida.

Hapo ndipo linapotoka lile fumbo la mahoteli: oveni inafanya kazi na umeme wa kawaida, umeme ukikatika wakawasha jenereta haikubali. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijaunganishwa na athi, kwa hiyo umeme wa kwenye moto hauna njia ya kurudi. Msinunue bodi. Muiteni fundi umeme mwenye leseni aiangalie jenereta.

Kuna vijana humu wenye nia ya kwenda Kanada na Marekani. Huko mtakuta tanuri la gesi la kupasha nyumba nzima joto. Sisi hapa tunalia na feni, lakini mambo ni yaleyale. Ya zamani yana pailoti na themokapo hii hii. Mapya yanakwenda kwa zamu: themostati inaomba joto, feni ndogo inavuta moshi, swichi ya shinikizo inathibitisha kuwa moshi una njia, kijiti cha kuwashia kinapata wekundu, vali inafunguka, fimbo inathibitisha moto, mwisho feni kubwa inasukuma hewa vyumbani. Likisimama, tazama limesimama zamu ipi, halafu ugeuke nyuma hatua moja. Kile kijiti chekundu msikiguse kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi hukifupishia maisha, na kinavunjika kama kaukau.

Mkiingia jikoni na mkasikia harufu, funga mtungi kwanza, fungua milango, na swichi ya taa iacheni kama mlivyoikuta, iwe imewashwa au imezimwa. Inama unuse karibu na sakafu, si usawa wa pua yako. Vujo linatafutwa kwa povu la sabuni. Kiberiti kibaki mfukoni, au bora nje kabisa.

Na mkimaliza kazi, chukueni kalamu ya wino mzito, muandike ndani ya mlango wa chini wa jiko: tarehe, milivolti mlizozisoma, na sentimita za maji, pailoti peke yake na vichomeo vyote vikiwaka. Mteja hataelewa na wala haandikiwi yeye. Atakayefuata, akiwa ni wewe au mwingine, ataona kama namba zimeshuka au zimebaki, na atajua aanzie wapi.

Vali nilizokuja nazo ziko kwenye meza ya dirishani, pamoja na ubao wa maji na mita mbili. Hazina gesi, zifungueni mtakavyo. Wenye maswali, tuanze na yule binti aliyeinua mkono tangu nilipotaja jenereta.